Dashibodi ya Ndege Iliyokuja na Nyaya Zake: Tathmini Baada ya Saa 60 za Kuruka

Ndege yangu ni ya viti viwili, ya bati la alumini, na kila riveti iliyomo imepita mikononi mwangu. Nilipofika kwenye dashibodi, hata hivyo, niliamua kwamba kazi ya nyaya nitaiagiza kutoka karakana inayotengeneza dashibodi za ndege za kujiundia: wakate bati, wafunge skrini na redio, watandike nyaya, wazijaribu mezani, kisha wanitumie kitu kizima ndani ya sanduku. Tathmini hii ni ya huduma hiyo. Karakana yenyewe sitaitaja jina, kwa sababu mema niliyoyaona nimekwisha kuwaambia wenyewe, na mabaya tumeyazungumza kati yetu. Anayefikiria kuagiza kazi ya aina hii atafaidika zaidi akijua adai nini kuliko akijua mimi nilimlipa nani.

Hukumu yangu naitoa mapema. Kazi ya mikono ilikuwa safi kuliko ambavyo ningeweza kuifanya hata kama ningeongezewa mwaka mzima, lakini michoro iliyoambatana nayo ilikuwa nyuma ya kazi yenyewe, na kasoro hiyo ilinila wiki tatu. Mtu anaweza kudhani kwamba kosa la karatasi ni dogo kuliko kosa la waya. Waya mbovu utaugundua siku ya kwanza ya kuwasha umeme, au siku ya pili. Mchoro mbovu utaugundua miaka minne baadaye, kifaa kimoja kimekufa, nawe umelala chali chini ya dashibodi na tochi mdomoni.

Nilichoagiza ni mfumo wa ala za kidijitali wa Garmin G3X Touch wenye skrini mbili za GDU 460, kila moja ya inchi 10.6, pamoja na GSU 25 inayopima mkao wa ndege na mgandamizo wa hewa, GEA 24 inayokusanya vipimo vya injini, GMU 11 ambayo ndiyo dira ya sumaku, mota mbili za GSA 28 za rubani otomatiki, na G5, skrini ndogo ya akiba, ambayo hukaa katika tundu lilelile la inchi 3⅛ lililokuwa likibeba ala za zamani za mshale. Juu ya hayo kuna redio ya VHF, transponda ya Mode S, inayoijibu rada na kuitambulisha ndege, na kisanduku cha sauti. Nilikuwa nimeuangalia pia mfumo wa Dynon SkyView HDX, na hapa pana jambo la kupimwa kabla ya kutia saini popote: vifaa vya SkyView huunganishwa kwa kebo za mtandao zenye plagi za pini 9 ambazo huuzwa zikiwa tayari, kwa hiyo sehemu kubwa ya mtandao wake mtu huichomeka tu, wakati plagi za G3X kwa kawaida hubanwa pini moja moja kulingana na ndege. Anayechagua SkyView ana sababu chache za kuilipa karakana. Mimi nilihesabu pini za mfumo wangu kwenye mchoro wa awali, nikapita 300 kabla sijafika kwenye transponda, nikaacha kuhesabu.

Hatua ya kwanza ya huduma ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote. Kabla ya kukata bati lolote walinitumia orodha ndefu ya maswali, na swali lililonionyesha kwamba wanaijua kazi yao lilihusu kina: kutoka uso wa dashibodi hadi ubavu wa kwanza ulio nyuma yake kuna sentimita ngapi, zikipimwa mahali pa kila kifaa? Redio inayoonekana fupi katika picha huwa na trei nyuma yake, nyuma ya trei kuna plagi, na nyuma ya plagi nyaya zinahitaji nafasi ya kupinda bila kulazimishwa. Nilipima nikakuta kwamba upande wa kulia plagi ya redio ingeugusa ubavu, tukaihamishia katikati wakati ingali ni mstari tu kwenye kompyuta.

Kisha wakanitumia mchoro wa ukubwa halisi. Niliuchapisha, nikaubandika kwenye kadibodi, nikaifunga mahali pa dashibodi, nikakaa kitini mikanda ya mabegani ikiwa imekazwa hadi mwisho, na nikajaribu kuigusa kila swichi iliyochorwa. Swichi ya pampu ya mafuta ilikuwa chini ya kitasa cha throto. Kitasa kikiwa kimesukumwa ndani kabisa, mkono unaokishika uliifunika, na hiyo ndiyo hali ya kupaa, ambamo pampu hiyo sharti iwe imewashwa na rubani awe anaiona. Tuliisogeza sentimita nne kushoto. Kadibodi hiyo bado ninayo, na kila mjenzi anayenitembelea namkalisha mbele yake kabla sijamwonyesha kitu kingine.

Sanduku lilipofika nilitumia jioni nzima kutazama tu. Bati lilikuwa alumini ya 2024-T3 yenye unene wa milimita 1.6, limepakwa rangi isiyong'aa, na nyaya zilikuwa za aina ya Tefzel zinazofuata kiwango cha M22759/16, ambazo ganda lake ni jembamba, gumu kuchubuka na halishiki moto kirahisi. Nilichomoa pini moja kwa kijiti chake na kuiweka chini ya lenzi. Nyuzi za shaba zilionekana katika kitundu cha ukaguzi, ganda la waya lilikoma karibu kabisa na mdomo wa pini bila kuingia ndani, na alama nne za koleo zilikuwa zimelingana pande zote. Lehemu haikutumika popote kwenye pini hizo, na ndivyo inavyotakiwa: risasi iliyoyeyuka hupanda ndani ya nyuzi na kuufanya waya uwe mgumu kama sindano, kisha mtetemo wa injini huukata pale ambapo ugumu huo unaishia. Kila waya ulikuwa na jina lake ndani ya mpira wa kusinyaa unaopitisha mwanga, ncha zote mbili. Vitita vilikuwa vimefungwa kwa uzi wa nta badala ya vibanio vya plastiki, na mtu aliyewahi kuchanwa mikono na ncha za vibanio hivyo vilivyokatwa mshazari atajua kwa nini nimeona ni jambo la kutajwa. Nyuma ya kila plagi waliacha waya wa ziada uliokunjwa, kiasi cha kuiwezesha skrini ichomolewe na kulazwa mapajani ikiwa ingali inafanya kazi.

Furaha hiyo ilidumu hadi nilipofungua michoro. Kurasa zilikuwa 26, zote nadhifu, na kwenye kona ya kila ukurasa palikuwa na herufi ya toleo. Kurasa nyingi zilisema C. Lebo iliyobandikwa kwenye kitita kikuu ilisema D. Niliandika kuuliza, nikajibiwa kwa upole kwamba tofauti kati ya C na D ni ndogo, na kwamba toleo la D lingetumwa likishakamilika. Nikaendelea kwa toleo la C, na hilo lilikuwa kosa langu, kwa maana tofauti ndogo katika mchoro wa nyaya haipo. Jioni ya kwanza nilitafuta waya wa kipima nafasi ya flapu, vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, ambao mchoro uliuweka kwenye pini 14 ya plagi ya kisanduku cha injini, yaani GEA 24. Kwenye plagi yenyewe pini 14 ilikuwa na waya wa kipima mafuta cha tangi la kushoto, na waya wa flapu ulikuwa kwenye pini 17. Kwa mita iliyowekwa kwenye mlio nilianza kupita plagi moja baada ya nyingine, ncha moja kwenye pini na nyingine mwisho wa waya, nikisahihisha karatasi kwa penseli. Nilipata tofauti 11. Hakuna hata moja iliyokuwa hatari kwa kuwa lebo za kwenye nyaya zenyewe zilikuwa sahihi, na hilo ndilo linalosikitisha: fundi aliyebana pini alijua alichokifanya, ila aliyechora hakuambiwa.

Tofauti ya 12, kama naweza kuiita hivyo, ilikuwa nusu yao na nusu yangu. Vifaa vya G3X huongea kupitia jozi moja ya nyaya zilizosokotwa, mtandao wa CAN, unaopita kifaa hadi kifaa kama kamba ya kuanikia nguo, na kila mwisho wa kamba hiyo hufungwa kwa rezista ya omu 120. Rezista mbili za omu 120 zikiwa sambamba hutoa omu 60, kwa hiyo umeme ukiwa umezimwa na kila kitu kikiwa kimechomekwa, mita ikiwekwa kati ya nyaya mbili za jozi hiyo inapaswa kusoma 60. Yangu ilisoma 40. Hesabu yake ni nyepesi: 120 kugawanya kwa 3 ni 40, maana yake mahali fulani palikuwa na rezista ya tatu. Mpango wa kwanza ulikuwa kwamba mtandao uishie kwenye mota ya rubani otomatiki iliyo ndani ya bawa. Baadaye niliomba GMU 11 ikae kwenye ncha ya bawa, mbali na injini, nao wakaurefusha mtandao hadi huko na kuweka rezista mpya mwishoni, lakini kile kipande cha waya kinachounganisha pini mbili ndani ya plagi ya mota, ambacho huiwasha rezista ya mota, walikisahau. Nilikiondoa kwa dakika tano. Mfumo ungeweza kuwaka hata hivyo, na hata kufanya kazi siku nyingi, kisha ukaanza kupoteza kifaa kimoja kimoja angani bila sababu inayoonekana. Anayepokea dashibodi ya namna hii apime omu hizo kabla ya kupima kitu kingine chochote.

Katika matangazo ya huduma za aina hii hutumika maneno yanayodokeza kwamba dashibodi ikifika kazi imekwisha. Haijaisha. Kwa hesabu yangu, kilichokuja sandukuni kilikuwa kama nusu ya kazi yote ya umeme, na nusu iliyobaki ndiyo inayofanyika katika sehemu zisizofikika: ndani ya mabawa, ndani ya mkia, na mbele ya ukuta wa kukinga moto.

Antena nitazipita haraka, kwa sababu hapo karakana ilinipa kebo za RG-400 za urefu sahihi zenye viunganishi vilivyokwisha kubanwa, nami nilibaki na kazi ya kutoboa matundu na kusugua rangi ili kitako cha kila antena kiguse bati tupu. Antena ya redio ya VHF ina urefu wa robo ya wimbi, kama sentimita 58, na ile ya transponda, inayojibu kwenye MHz 1090, haifiki hata sentimita 7. Zote mbili hutegemea bati la ndege kama nusu yao ya pili, kwa hiyo kitako chenye rangi chini yake ni antena pungufu.

Mabomba ya hewa nayo yalikuja yakiwa yameunganishwa nyuma ya GSU 25 na G5, nikabaki kuyafikisha kwenye mrija wa pitoti, unaopokea hewa ya mbele ili kupima kasi, na kwenye matundu ya hewa tuli, yanayotumika kupima mwinuko. Nilipojaribu hewa tuli, nikivuta taratibu kwa sirinji hadi kipima mwinuko kikapanda futi 1000 kisha nikaziba, kipimo kilishuka zaidi ya futi 100 katika dakika moja, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachokubalika kwa ndege isiyo na chumba cha mgandamizo. Uvujaji ulikuwa kwenye kiungo nilichokikaza mimi. Nalitaja hili ili nisionekane kana kwamba makosa yote yalitoka sandukuni.

Kosa langu kubwa zaidi lilikuwa kwenye injini, na ningelilipia ghali. Vihisi vya joto la vichwa vya silinda na la moshi ni vya thamokapo, yaani nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani, na kinachopimwa hasa ni tofauti ya joto kati ya ncha hiyo na mahali ambapo metali hizo zinakutana na shaba. Kisanduku cha injini kinajua joto lake chenyewe, kwa hiyo hulijumlisha na kupata jibu sahihi, mradi tu metali hizo zifike kwake bila kukatizwa. Waya wa kihisi cha silinda ya 3 ulikuwa mfupi kwa sentimita 30, na mimi, nikiwa nimechoka na nikiwa na roli ya waya wa kawaida mkononi, niliunga shaba mbele ya ukuta wa moto. Kwa kuunga hivyo nilikuwa nimeyahamishia makutano ya shaba katika chumba cha injini, ambako joto huzidi la nyuma ya dashibodi kwa makumi ya nyuzi, na kipimo kingepungua kwa kiasi hicho hicho: silinda inaungua, skrini inasema ni shwari. Aliyeniokoa ni fundi wa karakana, ambaye nilimtumia picha ya kitu kingine kabisa, akauona ule muungo pembeni ya picha na kunipigia simu siku hiyo hiyo. Akanitumia kipande cha waya wa aina inayostahili. Kwa jambo hilo moja niko tayari kuwasamehe kurasa kadhaa za toleo la C.

Sijawasamehe kelele. Mara ya kwanza injini ilipowaka, hedifoni zilijaa mlio mwembamba uliopanda na kushuka pamoja na mizunguko ya alteneta. Mlio wa namna hiyo mara nyingi hutokana na ethi mbili: tundu la hedifoni likigusa bati la dashibodi, mkondo wa kurudi unapata njia ya pili kupitia mwili wa ndege, na kila kinachopita katika mwili huo, ikiwamo mitikisiko ya alteneta, huingia katika sauti. Ndiyo maana matundu ya hedifoni hufungwa kwa washa za plastiki, na ndiyo maana ganda la kebo ya sauti huungwa kwenye ethi ncha moja tu. Karakana ilikuwa imeweka washa hizo kwenye matundu matatu kati ya manne. Kwenye la nne, la abiria, washa ilikuwepo lakini imekaa upande, na shingo ya tundu ilikuwa ikigusa bati kwa upana wa unywele. Mita ilisoma sifuri palipotakiwa pasiwe na njia kabisa. Wao hujaribu dashibodi mezani, kwa umeme wa chaja safi usio na alteneta, kwa hiyo kasoro hii isingeweza kusikika kwao. Ingeweza kupimwa, lakini.

Upande wa ugavi wa umeme sina lalamiko. Waliugawa katika njia kuu na njia ya dharura, ambayo hulisha skrini ya kushoto, redio, transponda na GSU 25 moja kwa moja kutoka kwenye betri endapo njia kuu itakufa, na swichi yake wakaifunika kwa kifuniko chekundu. Waliweka pia betri ndogo ya akiba kwa skrini ya kushoto. Stata inapovuta mamia ya ampea, volti za betri kuu huanguka, kwenye ndege yangu hadi 9.6 asubuhi ya baridi, na skrini isiyo na akiba huzimika na kuwaka upya wakati uleule unapotaka kuona shinikizo la oili likipanda. G5 ina betri yake yenyewe, ambayo mtengenezaji huieleza kuwa hudumu hadi saa 4. Nimejaribu kuzima kila kitu angani, hali ya hewa ikiwa wazi, na kuongozwa na G5 peke yake kwa nusu saa, na sikuona sababu ya kulitilia shaka dai hilo.

Maelekezo yao ya kuwasha umeme kwa mara ya kwanza yalikuwa ukurasa mmoja, na ndio ukurasa bora katika jalada zima. Kila plagi ichomolewe. Betri iwekwe kando, badala yake itumike chaja ya volti 13.8 inayojikata mkondo ukizidi ampea 5. Kila sakiti breka isukumwe moja kwa wakati, na kwenye kila plagi ipimwe pini ya chanya na pini ya ethi kabla kifaa hakijachomekwa. Ilinichukua saa mbili na nusu bila cheche wala moshi. Ajabu ni kwamba ukurasa huo ulikuwa toleo la D.

Yaliyofuata ni marekebisho ya ndani ya mfumo, ambayo karakana ilikuwa imeyafanya kwa sehemu: aina ya injini, mipaka ya rangi za vipimo, namba za vihisi. Kilichonisumbua ni dira. G3X ina jaribio la mwingiliano wa sumaku ambamo unaambiwa uwashe na uzime kila kifaa kwa zamu huku mfumo ukirekodi iwapo GMU 11 imeshtuka. Yangu ilishtuka kila nilipowasha taa ya ncha ya bawa. Taa hiyo ilikuwa na waya mmoja tu wa chanya. Hasi yake ilikuwa imeungwa kwenye bati la bawa palepale, jinsi magari yanavyofanya, kwa hiyo mkondo wake ulirudi ukitambaa kwenye bati karibu kabisa na dira. Nilivuta waya wa pili wa kurudi, nikausokota pamoja na wa kwanza ili sumaku ya mmoja imezwe na ya mwenzake, nikabadilisha na skrubu mbili za chuma kwa za shaba nyeupe zisizovutwa na sumaku. Jaribio likapita. Mchoro wa karakana ulionyesha waya mmoja, kwa sababu ulichorwa kabla sijahamisha dira, na hakuna aliyerudi kujiuliza uhamisho huo unagusa nini kingine.

Angani, dashibodi ni raha tupu. Skrini zinasomeka jua likiwa mgongoni, isipokuwa katika pembe moja ya alasiri ambapo shati jeupe la rubani hujitokeza ndani ya kioo; sasa navaa la buluu. Swichi ya pampu naifikia bila kutafuta. Vitasa vya kuzungusha vilivyo chini ya kila skrini nilidhani ni pambo kwa mfumo wa kugusa, hadi siku ya kwanza ya mawimbi makali ya hewa, kidole kilipogusa kila mahali isipokuwa nilipokikusudia. Tangu hapo mwinuko na uelekeo navibadilisha kwa vitasa. Joto nyuma ya dashibodi halijawahi kunitia wasiwasi, kwa kuwa karakana ilisisitiza feni mbili ndogo ambazo mimi niliziona ni za anasa.

Je, ningeagiza tena? Ningeagiza, kwa mfumo wa aina hii, na kwa masharti mawili ambayo safari hii ningeyaandika kwenye mkataba: kwamba malipo ya mwisho hayatoki mpaka herufi ya toleo kwenye kila ukurasa ifanane na herufi iliyo kwenye kitita, na kwamba michoro ije pia katika faili ninaloweza kulihariri mwenyewe. Anayeunda ndege yenye skrini moja, redio moja na transponda, na aliye na subira ya kujifunza koleo la kubania pini, sioni kwa nini asiifanye mwenyewe, hasa kwa mfumo unaokuja na kebo zake. Kwa ndege yenye rubani otomatiki na skrini mbili, ile jioni ya kutazama pini chini ya lenzi ilinitosha kujua kwamba fedha yangu haikupotea.

Toleo la D lilifika siku 19 baada ya ndege kuruka kwa mara ya kwanza. Nililiweka mezani kando ya nakala yangu ya penseli na kupitia zile tofauti 11 moja baada ya nyingine. Kumi walikuwa wamezisahihisha. Waya wa kipima nafasi ya flapu bado umeandikwa pini 14.